Msimu wa Pili wa The Wire: Nani Aliyeukataa?

Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya vijana wanaojifunza uandishi na uhakiki wa tamthilia, kabla ya kutazama sehemu mbili za mwanzo za msimu huo. Imenyooshwa kidogo kwa ajili ya kusomwa.

Mwenyekiti, walimu mliopo, na nyinyi vijana ambao najua mmekuja kutazama wala si kunisikiliza, habari za jioni. Anayeogopa kuharibiwa utamu wa hadithi ajitayarishe, kwa sababu nitataja nani anakufa. Tamthilia yenyewe ina miaka zaidi ya ishirini, sidhani kama nina deni la kuficha.

Nimeombwa nizungumzie jinsi msimu wa pili wa tamthilia unavyopokewa na wahakiki. Mada ni pana, kwa hiyo nimeipunguza hadi tamthilia moja, The Wire ya HBO, kituo cha televisheni cha kulipia cha Marekani, na humo ndani msimu mmoja, ule wa bandarini, uliorushwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 24 Agosti 2003. Nimeuchagua kwa kuwa ndio unaosingiziwa kuliko yote. Mkute shabiki wa The Wire kibarazani, mwambie ndiyo kwanza unaanza kuitazama. Atakuambia msimu wa kwanza moto, wa tatu moto, wa nne usiseme. Wa pili je? Ah, vumilia tu, utapita. Ukishaambiwa hivyo utadhani ulipotoka wahakiki waliuponda wakaumaliza.

Hawakuuponda. Metacritic, ambao ni mtandao unaokusanya alama za wahakiki wa magazeti na majarida, unaupa msimu wa kwanza 79 kwa 100. Msimu wa pili unaupa 95. Tuzo ya Peabody, ambayo kwa watu wa televisheni Marekani ni heshima kubwa, The Wire iliipata kwa mwaka huo huo wa 2003. Emmy, tuzo kuu za televisheni Marekani, haikuwapa kitu, lakini Emmy haikuwahi kuwapa kitu kwa misimu yote mitano: iliteuliwa mara mbili, zote kwa uandishi, na mara zote mbili ikarudi mikono mitupu. Kwa hiyo mtu akisema msimu wa pili ulipokewa vibaya, tumuulize: ulipokewa vibaya na nani?

Ulikataliwa na waliokuwa wameupenda msimu wa kwanza. Hao ndio wenye hasira, na hasira zao si za kupuuzwa, ila nadhani zilielekezwa mahali pasipo pake. Kukielewa kisa hiki lazima turudi nyuma mwaka mmoja.

Mwaka 2002 David Simon, aliyekuwa ripota wa gazeti la Baltimore Sun, na Ed Burns, aliyekuwa askari wa upelelezi na baadaye mwalimu, walituonyesha mtaa wa magharibi mwa Baltimore. Maghorofa ya serikali, wauza mihadarati, na kochi la rangi ya chungwa uani ambapo kijana D'Angelo Barksdale anakaa akisimamia biashara ya mjomba wake Avon. Upande wa pili kuna kikosi kidogo cha polisi kinachonasa simu zao. Sehemu 13. Tulimfahamu Stringer Bell, mshirika wa Avon, aliyeigizwa na Idris Elba, huyu huyu ambaye siku hizi anatajwa sana Zanzibar kwa mpango wake wa studio ya filamu. Tulimfahamu Omar, anayewaibia wauza mihadarati, na bunduki yake. Mwisho wa msimu kesi imekwisha nusu nusu, Avon yuko jela, na mtazamaji ana kiu ya kujua kitakachofuata pale uani.

Juni 2003 anafungua televisheni. Anachokiona ni maji. McNulty, yule askari mjuaji, kama adhabu amepelekwa kikosi cha majini, na yuko kwenye boti ya doria akikatiza bandari. Wanapita kando ya viwanda vya chuma vilivyokufa. Anasema baba yake alifanya kazi pale. Mwenzake naye ana mjomba aliyefanya kazi pale. Wanatajiana miaka ambayo kila mmoja wa wazee hao aliachishwa kazi, hivi hivi, kama watu wanaotajiana matokeo ya mpira. Hayo yote ni chini ya dakika mbili, na hakuna anayelia. Ukiniuliza msimu mzima unahusu nini, nitakurudisha kwenye dakika hizo mbili.

Kisha tunaingizwa gatini. Frank Sobotka ni mweka hazina wa chama cha wapakuaji mizigo. Ni Mmarekani wa asili ya Poland, mnene, mwenye sauti, na amechoka. Kazi zinapungua. Vijana wa chama wanapata siku moja au mbili za kibarua kwa wiki. Anataka serikali ichimbue mfereji ili meli kubwa zipite, na anataka gati la nafaka lifufuliwe kabla matajiri hawajaligeuza kuwa fleti za kifahari. Ili apate fedha za kuwalainisha wanasiasa, anakubali kuwapitishia makontena watu wanaomtumikia mzee mmoja anayeitwa tu Mgiriki. Siku moja ndani ya kontena mojawapo wanapatikana wasichana 13 waliokufa kwa kukosa hewa. Wa 14 alikwisha kuokotwa majini.

Hapo shabiki wa Avon na Stringer anajiona ameachwa kwenye mataa. Amekuja kumtembelea jirani, amekuta nyumba ina wapangaji wengine.

Malalamiko yaliyosikika zaidi yalikuwa kwamba tamthilia imewaacha Weusi ikawafuata Wazungu. Naliheshimu lalamiko hili. Mwaka 2003 televisheni ya Marekani haikuwa na tamthilia nyingine nzito iliyowapa waigizaji Weusi nafasi pana kiasi kile, watu wabaya kwa wema, wajinga kwa werevu, mapolisi kwa majambazi. Ukiwa umezoea kupewa jirani wa mhusika mkuu, na mara moja tu ukapewa nyumba nzima, halafu mwaka unaofuata funguo zinaonekana kuhamia kwa familia ya Sobotka, una haki ya kuuliza kulikoni. Mhakiki anayekejeli swali hilo hajui televisheni ilivyokuwa.

Ila jibu lipo kwenye tamthilia yenyewe, ukitazama kwa utulivu. Wapakuaji wa Baltimore hawakuwa Wazungu peke yao, na chama cha Frank kina mapatano kwamba uongozi upokezanwe kati ya Weusi na Wazungu. Frank anataka kubaki wakati zamu si yake. Nat Coxson, kiongozi wa wapakuaji Weusi, anamkabili ana kwa ana. Umaskini ule ule uliowaweka vijana uani mwa maghorofa sasa unaonekana unavyotengenezwa: kazi inaondoka, na mihadarati inaingia kwa mlango ule ule wa bahari. Simon ameeleza zaidi ya mara moja kwamba msimu huu aliuandika kuhusu kufa kwa kazi. Bila msimu huu, The Wire ingebaki tamthilia ya polisi na wauza unga, iliyoandikwa vizuri. Kwa msimu huu ikawa tamthilia ya mji, na ndipo milango ikafunguka kuingia ofisi ya meya katika wa tatu, shule katika wa nne, na chumba cha habari katika wa tano.

Sasa, kwa nini wahakiki waliliona hilo mapema na watazamaji hawakuliona? Si kwa sababu wahakiki ni werevu zaidi. Naomba vijana mnaotaka kazi hii mnisikilize hapa. Mhakiki hupelekewa sehemu kadhaa kwa mpigo kabla hazijarushwa. Anakaa nazo jioni moja, anaona boti, anaona gati, anaona kontena, na kabla hajachoka ameshafika mahali nyuzi zinapoanza kushikana. Mtazamaji wa 2003 alipewa saa moja kila Jumapili. Kama saa hiyo ilikuwa na dakika kumi tu za akina Barksdale, alikwenda kulala na njaa, akasubiri siku saba, akapewa dakika kumi nyingine. Hawa wawili wametazama kitu kimoja lakini hawajala mlo mmoja. Na wengi wa waliokuja kuipenda The Wire baadaye waliitazama kwa DVD, mfululizo, usiku hadi usiku. Kwao bandari haikuwa ndefu kiasi kile.

Kuna upande wa pili wa shilingi. Kupelekewa sehemu chache kunaweza pia kumpoteza mhakiki. Chukueni True Detective, ya HBO vilevile. Msimu wa kwanza wa 2014 ulisifiwa mno: hadithi ya Nic Pizzolatto, na mwongozaji mmoja, Cary Fukunaga, kwa sehemu zote nane. Wa pili ulikuja Juni 2015 na hadithi mpya, waigizaji wapya kina Colin Farrell na Vince Vaughn, na waongozaji tofauti tofauti. Wahakiki walioandika kwa kutegemea sehemu tatu za mwanzo walikuwa baridi, na wiki zilivyosonga wengi walizidi kuwa wakali. Mimi naona walikuwa sahihi, ingawa nina rafiki anayeutetea msimu huo kwa jasho. Michael Lombardo, aliyekuwa bosi wa vipindi wa HBO, alikuja kukiri hadharani mapema 2016 kwamba kosa lilikuwa lake, alimharakisha mwandishi ili wawahi tarehe. Hilo ni jambo la kukumbuka mnapousoma uhakiki wa msimu wa pili wowote: mwandishi wa msimu wa kwanza mara nyingi amekaa na wazo lake miaka, na wa pili anapewa miezi. Twin Peaks, tamthilia ya kumsaka muuaji wa msichana Laura Palmer, nayo iliumia kwa njia yake, pale kituo cha ABC kiliposhinikiza muuaji huyo atajwe katikati ya msimu wa pili. Alipotajwa, watazamaji walipungua, na mwaka 1991 ikafutwa. Siendi mbali na hapo, nisije nikawapotezea usiku.

Nirudi gatini, kwa sababu nataka kuwaonyesha uandishi unaonifanya niutetee msimu huu.

Kesi nzima inaanza kwa dirisha la kanisa. Mkuu wa polisi mmoja aitwaye Valchek, naye wa asili ya Poland, anataka kulitolea kanisa la mtaa dirisha la vioo vya rangi lenye picha za polisi. Anafika anakuta mahali penyewe pameshachukuliwa: chama cha wapakuaji kimetoa dirisha lao, kubwa, zuri, lenye picha za makuli. Valchek hawezi kulala. Kwanza analipiza kwa faini za kuegesha magari, kisha anatuma askari wawasimamishe wapakuaji barabarani kuwapima ulevi. Wapakuaji nao hawakubali. Wanaliiba gari lake la upelelezi, wanalitia ndani ya kontena, na kulisafirisha. Kuanzia hapo Valchek anapokea kwa posta picha za gari lake kutoka bandari za mbali, moja baada ya nyingine, kila mara likiwa nchi nyingine. Ni kichekesho, nami hucheka kila nikiutazama. Lakini tazameni mpangilio: Frank aliilipia kwa fedha za wapi fahari ile? Fedha za dirisha ndizo zilizomfanya Valchek aulize chama maskini kinapata wapi hela, na swali hilo la kijicho ndilo linalokusanya tena kikosi cha kunasa simu. Watu wanakufa kwa sababu wazee wawili waligombea ukuta wa kanisa. Mwandishi mwingine angeanza na maiti za kwenye kontena akamtuma mpelelezi shujaa. Hawa wameanza na kijicho.

Halafu kuna kikao kimoja kifupi ambacho nisingependa mkipitwe. Wapakuaji wanaketishwa kuonyeshwa bandari ya Rotterdam, kreni na magari yanayojiendesha yenyewe, makontena yanakwenda na kurudi, na karibu hakuna binadamu. Anayeonyesha anafurahi. Kasi, usalama, ufanisi. Kamera inakaa kwenye uso wa Frank. Wahakiki wengi wa New York, nadhani, waliupita uso ule haraka.

Hapa Mombasa hatuwezi kuupita. Mji huu ulisimama Januari 1947 kwa mgomo mkuu, na makuli wa Kilindini walikuwa katikati yake. Waliokuwa na ndugu bandarini wanajua kontena lilipokuja lilifanya nini kwa mabega ya watu. Na si historia ya kale tu. Mwaka 2019 ilipotoka amri kwamba mizigo yote inayoingia ipelekwe bara kwa reli ya SGR, wenye malori, makarani wa mizigo, mama ntilie wa barabarani, wote waliona mkate unaondoka, wakaandamana hadi amri ikasitishwa. Ukiutazama msimu wa pili ukiwa mtu wa mji wa namna hii, Frank Sobotka si Mzungu aliyempokonya Stringer Bell muda wake. Ni mtu mnayemjua. Mhakiki huandika akiwa amekaa mahali fulani, na mahali hapo pameingia kwenye uhakiki wake kabla hajaandika neno la kwanza. Ninyi mkiuhakiki kutoka hapa, msijaribu kuandika kana kwamba mko Manhattan.

Baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2016, alioshinda Donald Trump, msimu huu ulipata marafiki wapya. Ghafla kila mtu alitaka kuandika kuhusu Wazungu wa miji iliyofungwa viwanda, na The Wire ikaitwa unabii. Mimi neno hilo silipendi. Simon hakutabiri. Alikuwa ripota wa mji ule, aliona. Kampuni ya Bethlehem Steel, yenye vile viwanda vya chuma wanavyovipita kwa boti, ilifilisika mwaka 2001, yaani kabla msimu wa pili haujapigwa hata picha moja. Tukiita unabii habari iliyokuwa mlangoni, tunawasamehe bure wale ambao hawakutaka kuisoma.

Sasa niseme ninalolichukia katika msimu huu, maana msije mkadhani nimelipwa na HBO. Si Ziggy. Najua wengi hawampendi Ziggy, mtoto wa Frank, na mbwembwe zake, na yule bata anayemvisha mkufu na kumnywesha pombe baa hadi bata anakufa. Mimi namkubali. Ni mtoto aliyekulia gatini bila kazi ya gatini, na James Ransone aliigiza upumbavu ule hadi unatia huruma.

Ninalolichukia ni wasichana. Kumi na wanne. Ndio wanaofungua msimu, ndio sababu ya kila kitu kinachofuata, na hakuna hata mmoja anayepewa jina. Mwanzo polisi wanagombana ni idara gani itabebeshwa kesi. McNulty anafanya hesabu za maji kupwa na kujaa ili awatupie wakubwa wake wa zamani maiti wote, na anafanya hivyo kwa kulipiza kisasi kuliko kwa haki. Baadaye anajaribu kutafuta jina la yule mmoja aliyeokotwa majini, anashindwa. Watetezi husema hiyo ndiyo maana yenyewe, kwamba mfumo unawafanya watu mizigo. Nimeisikia hoja hiyo na hainitoshi. Frank alipewa sehemu 11 za kueleza uchungu wake. Mgiriki alipewa maneno ya busara kila alipofungua mdomo. Tamthilia iliyomtafutia hadi kijana wa kusimama pembeni mwa barabara jina la utani na kichekesho chake, haikukosa uwezo wa kumpa msichana mmoja dakika tano akiwa hai. Haikutaka. Katika hasira zote za mashabiki kuhusu msimu huu, hili ndilo nililolikuta limesemwa kidogo zaidi, na lingestahili kuwa la kwanza. Watu waligombana nani kapunguziwa muda kati ya wauza unga na makuli, na waliokuwa ndani ya kontena hawakuwa upande wowote.

Mwanamke pekee anayewatazama kama watu ni Beadie Russell, askari wa bandari, aliyeigizwa na Amy Ryan. Hakuomba kesi. Alikuwa na watoto wawili na alitaka kazi yenye mshahara wa uhakika. Anaona lakiri ya kontena imevunjwa, anaingia, anatazama, na unaona anavyolazimika kuwa polisi wa kweli pale pale bila kutaka. Laiti waandishi wangemfuata yeye zaidi.

Jioni hii tutatazama sehemu ya kwanza na ya pili. Kontena linafunguliwa mwishoni mwa ile ya kwanza, kwa hiyo mwenye watoto wadogo hapa awatoe mapema. Muziki wa mwanzo ni wimbo ule ule wa msimu wa kwanza, ila safari hii anaimba mtunzi mwenyewe, Tom Waits, na kuna mtu hapa atalalamika kwamba ule wa kwanza ulikuwa bora. Aandike kwenye karatasi pamoja na malalamiko mengine yote. Baada ya sehemu ya pili tunawasha taa na kubishana, na anayetaka kumtetea Stringer Bell ndiye nitakayempa kipaza sauti kwanza.